Je, Wajua? Mkaa wa Miti, Mkaa Mbadala na Siri za Nyama ya Moshi

Je, wajua kwamba mkaa mzuri hauna moshi wa kutosha kubanikia hata kipapatio cha kuku? Gogo likiwa tanuruni, karibu kila kitu chenye kutoa moshi wa harufu nzuri hutoka na kupotelea angani. Kinachobaki ni kaboni, asilimia 70 hadi 90, na kazi yake kubwa ni joto.

Sasa ile harufu inayokupokea ukishuka kwenye basi pale Mikumi inatoka wapi? Mafuta! Tone la mafuta ya mbuzi hudondokea kaa la moto, huungua papo hapo, na moshi wake hupanda kuivaa nyama iliyo juu. Mchomaji akitaka moshi zaidi hutupia kipande cha kuni kavu, na hapo ndipo utamu unapoanza.

Ndani ya kuni kuna lignini, kitu kinachoufanya mti uwe mgumu na usimame wima. Ikishikwa na moto huvunjika na kutoa kemikali mbili za ajabu: gwayakoli, inayoleta ladha ya moshi ulimini, na siringoli, inayoleta harufu yake puani. Ulidhani ladha na harufu ya moshi ni kitu kimoja? Ni viwili, na vyote vinatoka kwenye mti mmoja.

Kwa hiyo ukiulizwa "mkaa wa miti au mkaa mbadala, ule wa kufinyanga?", jua kwamba hilo ni swali la joto na la muda. Moshi unakuja na kuni. Shika hapo, tuendelee.

Je, wajua kwamba Kilosa kuna misitu ambako mkaa huvunwa kwa mzunguko wa miaka 24? Kitalu kikivunwa leo, mtoto aliyezaliwa leo hii kijijini atakuwa na umri wa kuoa au kuolewa kabla shoka halijarudi palepale. Miaka 24!

Mpango huo ulianza mwaka 2012 katika vijiji 10 vya wilaya ya Kilosa, na watu wakauita Mkaa Endelevu. Nyuma yake yalikuwapo mashirika ya TFCG na TaTEDO na mtandao wa MJUMITA, kwa fedha za Serikali ya Uswisi. Baadaye ukafika vijiji 30, ukivuka mipaka hadi wilaya za Mvomero na Morogoro.

Ukivisikia vijiji vyenyewe utatabasamu: Ulaya Kibaoni, Ulaya Mbuyuni, Dodoma Isanga. Ndiyo, unaweza kununua mkaa wa Ulaya bila pasipoti, na Ulaya yenyewe iko Kilosa!

Kitalu kimoja kina ukubwa wa mita 50 kwa 50, yaani robo hekta kamili. Vitalu huvunwa kwa kurukia, kimoja kinakatwa na jirani yake anaachwa amesimama, hata ukiutazama msitu kutoka angani utadhani mtu ametandaza bao la drafti. Miti iliyobaki jirani hudondosha mbegu kwenye kitalu kilichokatwa. Hakuna aliyepanda hata mche mmoja!

Na visiki je? Usivionee huruma. Miti ya miombo ikikatwa vizuri, kisiki huchipua chenyewe, na mizizi iliyokwishazama ardhini kwa miaka mingi hulilisha chipukizi tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana mkataji anayeijua kazi yake haking'oi kisiki wala hakichomi moto.

Nani anapata fedha? Kijiji chenyewe! Kila gunia linalotoka kwenye msitu wa kijiji linalipiwa ushuru, na katika vijiji vya Kilosa fedha hiyo imejenga madarasa na zahanati na kuvuta maji. Mwanafunzi anakaa darasani, na tofali la ukutani limelipwa na mkaa uliochomea mishkaki ya mtu Dar es Salaam.

Wajua kwamba miombo hugeuka myekundu kabla ya mvua? Majani machanga ya myombo hutoka yakiwa na rangi ya damu ya mzee, ya shaba na ya machungwa, wakati ardhi bado ni vumbi tupu. Ukipita Kilosa kuelekea Mikumi mwezi wa Septemba au Oktoba, tazama vilimani, utadhani msitu umewaka.

Na chini ya miti hiyo hiyo, mvua ikishanyesha, huibuka uyoga wa kuliwa. Kuvu wa uyoga huo wameungana na mizizi ya miombo: mti unampa kuvu sukari, kuvu anaupa mti maji na madini. Magome ya miombo nayo hutengenezwa mizinga ya nyuki. Msitu mmoja unatoa mkaa, uyoga na asali, ukitunzwa tu!

Ila usivuke mpaka wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na huko hakuna ruhusa ya kuokota hata ukuni mmoja wa kubanikia. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati yake kwa kilomita 50 hivi, kwa hiyo tembo wanaweza kuyatazama magunia yakipita juu ya lori.

Je, wajua gogo linapungua kiasi gani? Ukiingiza kilo 100 za kuni kwenye tanuru la udongo la kienyeji, unaweza kutoka na kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Zilizobaki zote zimeondoka kama mvuke, moshi na gesi! Tanuru lililoboreshwa, lenye bomba la moshi na hewa inayodhibitiwa, hutoa mkaa mwingi zaidi kwa kuni zilezile.

Hili litakushangaza zaidi: tanuru halihitaji moto wa nje mpaka mwisho. Kuni zikifika nyuzijoto 280 hivi zinaanza kutoa joto lao zenyewe na kujiivisha, gogo moja likilipokeza jingine. Kazi ya mchoma mkaa kuanzia hapo ni kulinda, mchana na usiku, hewa isiingie. Tundu dogo tu kwenye udongo, na asubuhi atakuta majivu.

Mkaa uliotoka tanuruni unaweza kuwaka tena wenyewe! Ukiwa mbichi hufyonza oksijeni kwa kasi, na kufyonza huko kunauchemsha ndani kwa ndani. Ndiyo maana huachwa upumzike siku nzima au zaidi kabla ya kufungwa kwenye magunia, na lori lililopakia kwa haraka limewahi kuwa tanuru barabarani.

Na magunia hayo huenda wapi? Mwaka 2001, kaya 47 kati ya kila 100 za Dar es Salaam zilitegemea mkaa kama nishati yao kuu ya kupikia. Mwaka 2007 zilikuwa 71! Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba biashara ya mkaa nchini ilikuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bidhaa tunayoinunua kwa kopo na kisado huku mikono imejaa masizi.

Sasa inama kidogo kwenye gunia lako. Chukua vipande viwili vya mkaa uvigonganishe karibu na sikio. Ukisikia mlio mkali wa chuma au kioo, umepata mkaa ulioiva sawasawa. Ukisikia "puu" zito, na vipande vina kahawia pembeni, hizo ni kuni zilizojifanya mkaa, na zitakutoa machozi jikoni.

Wajapani wameufikisha mlio huo mbali. Mkaa wao uitwao binchotan, wa mti jamii ya mwaloni, humaliziwa kwenye moto wa karibu nyuzijoto 1,000, kisha huzimwa kwa mchanganyiko wa mchanga na majivu. Vipande vyake hulia kama kengele, na kuna watu wanaopigia muziki!

Mkaa wa miti ukipulizwa vizuri unapita nyuzijoto 1,000. Alumini inayeyuka kwa 660 tu. Fanya hesabu, kisha kaitazame ile sufuria uliyoisahau jikoni maji yakakauka.

Wahaya wa Kagera waliujua moto huo zamani sana. Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliosema kwamba wahunzi wa huko walitengeneza chuma cha pua kwa mkaa kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, katika tanuru zilizopita nyuzijoto 1,800. Mkaa, mivukuto na mabomba ya udongo. Hakuna umeme, hakuna mashine!

Lakini moto mkali si rafiki wa nyama ya moshi. Paja zima la kubanika linataka nyuzijoto 110 hadi 130 tu, kwa saa nyingi. Hapa ndipo mkaa wa miti unapomchezea mtu: kipande kimoja ukubwa wa ngumi, kingine ukubwa wa kidole, joto linapanda na kushuka, na wewe huondoki pale.

Mkaa mbadala je? Kila kipande ni sawa na mwenzake kwa ukubwa na uzito, kwa hiyo nafasi za hewa zinalingana na joto linatulia. Unaweza kwenda kula, ukaswali, ukarudi na kukuta moto uleule.

Na unatengenezwa kwa nini? Takataka! Vumbi la mkaa, magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, maranda ya mbao, mabaki ya miwa. Kati ya asilimia 10 na 15 ya mkaa wote huvunjika na kuwa vumbi njiani, kutoka porini hadi kwa muuzaji. Jijini Nairobi kampuni ya Chardust ilianza kulikusanya vumbi hilo hilo kwa wauza mkaa na kulifinyanga upya.

Gundi yake unaijua vizuri: uji wa muhogo! Unga kidogo, maji ya moto, koroga mpaka uvute, changanya na vumbi, shindilia, anika juani. Nchini Haiti, Amy Smith na wenzake wa chuo cha MIT walitumia muhogo huohuo kugandisha mkaa wa makapi ya miwa.

Makapi ya miwa, unasema? Ruhembe, wilayani Kilosa, kuna kiwanda cha sukari cha Kilombero ambacho huyachoma makapi yake kupata mvuke na umeme. Muwa unatoa sukari, kisha unalipa bili ya umeme ya kuusaga!

Tahadhari na pumba za mpunga, ingawa Kilosa na Kilombero zimejaa. Pumba ikiungua huacha majivu kiasi cha moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, kitu kilekile cha mchangani na kwenye kioo. Majivu yakijaa yanaziba hewa, moto unazimia, na nyama inabaki nusu mbichi.

Wengine hutia udongo kwenye mchanganyiko. Udongo hauwaki! Unapunguza kasi ya moto, sawa, lakini ukizidi umenunua tofali. Kishike kipande mkononi: kama ni kizito kuliko unavyotarajia na kina rangi ya kijivu, muulize muuzaji kimetiwa nini.

Muulize pia kama kimetokana na mimea au na makaa ya mawe. STAMICO, shirika la madini la taifa, linatengeneza mkaa mbadala wa makaa ya mawe uitwao Rafiki Briquettes, na kuna kaya zinazoutumia kupikia. Kwa nyama iliyo wazi juu ya moto, isiyo na sufuria katikati, mimi nachagua uliotokana na mimea, bila kusita.

Mkaa mbadala wenye gundi ya muhogo haupatani na mvua. Ukilowa unalegea na kurudi kuwa uji, mweusi safari hii. Mkaa wa miti ukilowa unaanikwa tu na maisha yanaendelea.

Naivasha, Kenya, kampuni ya Sanivation imetengeneza kuni mbadala kwa kutumia kinyesi cha binadamu kilichotibiwa kwa joto. Usikunje uso! Kila tani ya namna hiyo ni miti iliyobaki imesimama.

Unadhani mkaa wa kufinyanga ni jambo jipya? Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania alipewa hataza yake mwaka 1897. Kisha akaja Henry Ford, yule wa magari, aliyekuwa na vipande vya mbao visivyo na kazi kutoka kiwanda chake cha Michigan. Akavigeuza mkaa wa vidonge na kuuuza kwenye maduka yaleyale ya magari! Mkaa huo baadaye ukachukua jina la Kingsford, na mpaka leo Wamarekani wanauchomea nyama.

Baadhi ya viwanda vya Marekani hutia chokaa kwenye mkaa wa kufinyanga. Kwa nini? Ili majivu yawe meupe, mchomaji ajue kwa macho kwamba moto umekubali.

Jiko maarufu la duara lenye mfuniko, la Weber, lilizaliwa mwaka 1952 karibu na Chicago. George Stephen alifanya kazi kwenye karakana iliyotengeneza maboya ya majini, akakata boya moja katikati, akalitia miguu. Nasi tunakata pipa la mafuta katikati, tunalitia miguu. Akili zimekutana!

Je, wajua kifuu cha nazi kiliwahi kuokoa askari? Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mkaa wa vifuu ulijazwa kwenye barakoa za kuzuia gesi ya sumu. Gramu moja ya mkaa uliosafishwa kwa kazi hiyo ina matundu madogo mengi kiasi kwamba ukuta wake wote ukitandazwa unapita mita za mraba 500.

Sasa kaa karibu, hili usilisahau. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkaa wa miti na mkaa mbadala, yote miwili. Mvua ikikukimbiza na jiko lako, fungua milango na madirisha, au subiri mvua ipite.

Mafuta yale ya mwanzo, yanayoleta harufu, yakiungua sana huleta kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya, ule wa kule ng'ambo, tangu Septemba 2014 hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini katika kilo moja ya nyama ya moshi. Mikrogramu 2! Dawa yake ni rahisi: sogeza moto pembeni ya nyama na weka chombo chini kukinga mafuta.

Senegal walilifanyia kazi jambo hilo. Tanuri la Thiaroye, lililobuniwa na FAO kwa ajili ya samaki, huivisha kwa joto la mkaa huku mafuta yakikingwa, kisha moshi huletwa kando ukiwa umechujwa. Joto lake, moshi wake! Mama anayebanika kambale wa mto Kilombero angelipenda.

Kuni gani ya moshi? Mwembe, mpera, mchungwa, zikauke vizuri na zisiwe na rangi wala dawa ya mchwa. Mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake ni sumu. Wamaasai, wanaofuga Kilosa kwa vizazi, ni mabingwa wa kuchagua mti wa moshi: katika nchi za Wamaasai kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, na maziwa hutoka na harufu yake.

Sasa chaguo langu, kwa kuwa najua utauliza. Mishkaki, maini, mbavu za mbuzi za nusu saa: mkaa wa miti, wa msitu wa kijiji wenye stakabadhi ya ushuru. Paja zima au kifua cha ng'ombe cha saa nane: mkaa mbadala wa vumbi na muhogo, na vipande vitatu vinne vya mpera juu yake.

Na upange hivi uone maajabu. Panga vipande vya mkaa mbadala viwili viwili kuzunguka ukuta wa ndani wa pipa lenye mfuniko, acha pengo, kisha washa upande mmoja tu. Moto utatambaa wenyewe kutoka kipande hadi kipande kwa saa nyingi, na wewe hujaongeza hata kimoja.

Katikati ya safari nyama itakutisha. Ikifika nyuzijoto 65 hadi 75 ndani, joto lake linagoma kupanda, saa moja, mbili, hata zaidi! Hujakosea na mkaa haujaisha: nyama inatoa jasho, na jasho likikauka linaipoza kwa kasi ileile moto unavyoichemsha. Usichochee. Ikimaliza jasho itapanda yenyewe mpaka 90 na kitu, ambako kano zimeyeyuka na kuwa rojo laini.

Ukiikata utakuta utepe wa waridi chini ya ngozi ya juu, na mgeni wako atasema ni mbichi. Mwambie ni gesi za moto, nitriki oksaidi na kaboni monoksaidi, zilizoshikana na rangi nyekundu ya nyama kabla joto halijaibadilisha. Wachomaji wa Texas huutafuta utepe huo kwa makusudi. Mkatie kipande cha pembeni kabisa, chenye waridi nyingi, na chumvi na pilipili kando.